Sanduku la Malkia

Chebet alikuja kwangu Jumanne iliyopita kuniambia kwamba Mwalimu Kamande amefariki, na mimi nikaongeza sukari kwenye chai. Daktari amenikataza sukari, lakini mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo, kijiko cha kwanza, kijiko cha pili, nikakoroga polepole huku mwenzangu akinieleza jinsi mzee alivyougua, nani alimuuguza, na kwamba mazishi ni Ijumaa huko kwao Bahati. Robo karne ilikuwa imepita bila mimi na Chebet kuketi meza moja. Yeye ni muuguzi sasa, ana miwani na mvi anazozifunika kwa kitambaa, na namba yangu aliipata kwa mtu anayenunua vifaranga kwangu. "Nilidhani utasikitika hata kidogo," alisema, akiangalia kikombe changu. Nikamwambia ukweli: "Nimengoja hii habari tangu nikiwa msichana." Hakucheka. Basi nitausimulia huo mwaka, kwa sababu najua Ijumaa watu watasimama mmoja mmoja kumsifu, na hakuna hata mmoja atakayesema niliyoyaona.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwalimu Kamande alikuwa amestaafu kufundisha bayolojia, akageuza nyumba kuukuu ya mbao kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Bahati kuwa mahali pa watu kuja kutazama nyoka. Chebet alikatisha tiketi na kuwatembeza watoto wa shule. Mimi niliajiriwa kufagia. Ilikuwa nyumba ya baridi, sakafu yake ililia ukikanyaga, na kila chumba kilinuka kitu chake: sebuleni mikojo ya panya tuliowafuga kwa chakula cha nyoka, kwenye korido dawa ya sakafu, na jikoni githeri ya mahindi na maharagwe iliyopashwa mara ya tatu. Hapo jikoni ndipo tulipokula saa saba, Chebet na mimi kwenye benchi, Mwalimu peke yake mezani. Yeye alikula mayai mawili ya kuchemsha kila siku ya Mungu. Aliyamenya juu ya gazeti, polepole, akituhadithia watu wakubwa aliowafundisha, na akimaliza alilikunja gazeti na maganda yake na kulisukuma upande wangu bila kuniangalia. Mwanzoni nilimheshimu sana. Nilidhani mtu anayeweza kumbeba chatu mabegani hawezi kuwa na woga wowote, na mtu asiye na woga hana sababu ya kusema uongo.

Chatu mwenyewe aliitwa Malkia. Alikuwa jike, urefu wake umepita mita tatu, na aliishi katika kilichokuwa chumba cha kulia, ndani ya sanduku kubwa la mbao lenye kioo mbele. Mwezi wa sita, baridi ya Nakuru ilipokolea, nilianza kusikia sauti nikifagia karibu naye, kama mtu anayenyonya soda iliyokwisha kwa mrija. Nilichuchumaa nikamwona amelala mdomo wazi kidogo, mapovu puani. Chini yake palikuwa na maranda ya msonobari kutoka kiwanda cha mbao, yamelowa maji aliyomwaga kutoka kwenye karai lake, yananuka utomvu hadi macho yakaniwasha. Tumbo lake lilikuwa na madoa ya kahawia pale magamba yalipoanza kuoza. Joto hakuna. Nilimwambia Mwalimu, akasema nyoka ni mnyama wa porini, porini hakuna hita. Lakini mimi nililelewa mtaa wa Rhonda na mama aliyeuza vifaranga. Nilijua bruda, kile kibanda cha kulelea vifaranga, kabla sijajua kusoma. Kifaranga akisikia baridi anakimbilia balbu na wenzake wanalaliana. Akizidiwa na joto anakimbilia kona na kupanua mdomo. Ukitaka kujua hali ya joto, mtazame mnyama alipojiweka. Malkia alikuwa hana pa kujiweka, sanduku lote lilikuwa kona moja ya baridi.

Nililijenga upya kwa wiki tatu, saa za chakula, Chebet akinishikia tochi na misumari. Niliondoa maranda yote, nikasugua mbao, nikazianika juani mpaka harufu ikaisha. Upande wa kushoto nilitoa kipande cha sakafu nikaweka kigae kikubwa, na chini ya kigae nikaning'iniza balbu ndani ya mkebe wa rangi, hivi kwamba joto lilipanda kupitia kigae na nyoka hakuweza kuigusa balbu hata angetaka. Thamostati niliitoa kwenye bruda ya zamani ya mama. Kihisio chake nilikibandika juu ya kigae, mahali tumbo la Malkia litakapolala, balbu ikawa inajizima joto likifika digrii thelathini na mbili na kujiwasha likishuka. Upande wa kulia niliuacha bila joto, na huko ndiko nilikoweka karai la maji. Kila upande ulipata nusu pipa la plastiki lililofunikwa, ili asilazimike kuchagua kati ya kujificha na kuota moto. Kwa matandiko nilianza na magazeti, nikiyabadilisha kila siku, mpaka vidonda vya tumbo vilipokauka. Kisha dada yake Chebet, aliyekaa Kihoto na kufanya kazi katika shamba la maua, akatupatia mabonge ya kokopiti, yale makapi ya nazi wanayopandia maua, mapya, hayajaguswa na dawa. Nilijifunza kuyalowesha na kuyakamua kwa mkono: ukifinya yakatoa maji, bado, yakishikana bila kutoa tone, tandika. Siku ya kwanza Malkia aliingia chini ya pipa la kushoto na hakutoka. Siku ya tano alivuka akaenda kunywa maji, akarudi. Nilikaa sakafuni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimemwona anachagua.

Mwalimu hakusema asante. Alikuja na kipimajoto chake, akapima kushoto, akapima kulia, akanung'unika, akaondoka. Wiki moja baadaye nikakuta kibao kipya kimepigiliwa juu ya kioo: "Sanduku la Joto, Muundo wa Mwl. Kamande." Nilisimama hapo na ufagio. Chebet akanivuta mkono. "Achana nayo, Neke. Si nyoka amepona?" Nikaachana nayo. Naapa niliachana nayo. Mtu anaweza kusamehe kibao.

Mwezi wa saba akaniita stoo, chumba kidogo nyuma ya jikoni ambacho hakikuwa kwenye njia ya wageni, akanipa ufunguo. Ndani mlikuwa na masanduku sita madogo ya kioo. "Nataka uwatengenezee hawa, lakini bila balbu yako," alisema. "Hawa wakipata joto wanakufa." Walikuwa vifutu wadogo wenye pembe juu ya macho, wa vile vilima vya nyasi upande wa Naivasha, ambako asubuhi mtu hutoka na koti. Niliwawekea mchanga mkavu, nyasi zilizokatwa na mawe bapa, na nikaacha dirisha la kaskazini wazi. Nilipouliza mbona wageni hawaonyeshwi, alisema wako mapumzikoni. Siku mbili baadaye, nikiosha masufuria, nilimsikia akiongea kwenye simu ya korido, kwa Kiingereza chake cha darasani: wale sita wako tayari, mgeni aje Alhamisi, kibali si neno, watasafiri ndani ya soksi. Nilifunga bomba ili nisikie vizuri. Kisha nikalifungua tena, nikaendelea na masufuria. Sikuwa mtu wa kuchongea. Lakini lile neno kibali lilinikaa kichwani.

Mwisho wa mwezi huo shule moja ilileta wanafunzi sitini, na mwandishi wa gazeti alikuwa anakuja nao. Mwalimu aliona Malkia haonekani vizuri, amejificha tu chini ya pipa. Basi siku moja kabla, alitoa mapipa yote mawili, akaing'oa balbu yangu chini ya kigae, na akaning'iniza balbu kubwa ndani ya sanduku lenyewe, uchi, bila hata wavu. Nilimwambia, "Mwalimu, atajichoma. Nyoka haondoki kwenye moto haraka kama sisi. Atalala juu yake mpaka ngozi iive." Akaniangalia kama mtu aliyesemeshwa na karai. "Wewe unanifundisha mimi bayolojia?" Asubuhi nilifika wa kwanza. Malkia alikuwa amejizungusha kwenye balbu jinsi ulevi wa baridi ulivyomtuma, na mgongoni, urefu wa mkono wangu, magamba yalikuwa yamekunjamana kama nailoni iliyopitishwa motoni. Nilizima swichi. Nilimtoa peke yangu, kilo zote zile, nikampaka asali iliyokuwa jikoni kwa kuwa sikuwa na kingine. Na hivyo ndivyo walivyonikuta, mikono imejaa asali, mwandishi wa gazeti, walimu wawili na watoto sitini wamesimama mistari miwili.

Mwalimu alitazama nyoka, akamtazama mwandishi. Niliona akifikiri. Haikuchukua muda. Akaifungua balbu, akaniwekea mkononi, akanisimamisha mbele ya mistari. "Watoto, hii ni nini?" "Balbu, Mwalimu!" "Na huyu dada, kazi yake hapa ni kufagia. Tena kufagia tu. Lakini akajiona mtaalamu, akachezea mitambo yangu bila ruhusa. Mtu akifanya kazi asiyoijua, nini hutokea?" Watoto wakaitikia kwa pamoja, kwa ile sauti ya darasani: "A-na-ha-ri-bu!" "Sijasikia." "A-NA-HA-RI-BU!" Balbu ilikuwa bado na joto. Nilimtazama Chebet, aliyesimama mlangoni na kitabu chake cha tiketi, akatazama chini. Simlaumu, alikuwa na mtoto mchanga na hakuwa na kazi nyingine. Jioni hiyo nilifukuzwa. Gazeti liliandika juu ya "mfanyakazi mzembe," na Jumapili wanawake wa kanisani wakamuuliza mama yangu kama ni kweli binti yake anachoma wanyama, na kama vifaranga anaowauzia wamepitia mikononi mwangu. Mama hakuniambia. Nilijua kwa sababu Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani, alibaki nyumbani akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Watu husema hasira hupofusha. Yangu ilinipa macho. Nilikumbuka kila kitu: saa anazowatembeza wageni, mahali anapoweka funguo, na kwamba ufunguo wa stoo haukuwa umeombwa, ulikuwa bado kwenye kamba shingoni mwangu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane nilirudi na ovaroli yangu, nikijifanya nimekuja kuirudisha, saa nne asubuhi, wakati sauti yake ilikuwa mbele sebuleni ikieleza meno ya nyoka. Niliingia stoo. Wawili walikuwa wamekwisha kwenda na yule mgeni, wanne wamebaki. Nilikuwa na balbu na waya wake kwenye mfuko wa sketi. Mgeni aliyewangojea hawa angekuta ngozi kavu, na Mwalimu asingeweza kumwambia mtu yeyote kilichoharibika, kwa sababu hawakupaswa kuwepo. Nilifunga dirisha. Nilichomeka balbu, nikaiweka juu ya kifuniko cha sanduku la kwanza, nikatazama kipimajoto. Ishirini na mbili. Ishirini na tano. Ishirini na nane. Yule mdogo mwenye pembe akatoka chini ya jiwe lake, akaanza kwenda na kurudi kandokando ya kioo, akitafuta upande wa baridi, na upande wa baridi haukuwepo. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Ilipofika thelathini nikachomoa. Nilifungua dirisha, nikasimama hapo mpaka akarudi chini ya jiwe.

Kisha nikatembea mpaka mjini, kwenye ofisi ya wanyamapori, nikasema kila nilichokijua. Sikwenda kwa ajili ya hao nyoka. Wengine baadaye waliniita shujaa na nikakubali, lakini nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona yule mzee amesimamishwa mbele za watu. Jumatatu walipokuja, nilikuwa ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chapati, nimeagiza chapati mbili, maharagwe na kikombe cha chai. Nilikula taratibu. Niliwaona wakitoa yale masanduku manne. Nilimwona Mwalimu ameketi kwenye ngazi zake, kofia mkononi, afisa kijana akimuuliza maswali kwa sauti na yeye akijibu kwa sauti ya chini, na wapita njia wamesimama. Aliinua kichwa akaniona. Nikainua kikombe. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na nikisema nimejuta, nitakuwa nimekwisha kuwa kama yeye.

Lakini nilikuwa nimemsahau Malkia. Maafisa walifunga mahali pale, wakasema nyoka wengine wakae na mtunzaji mpaka gari la kuwahamisha lipatikane, kama wiki mbili. Mwalimu, akisubiri kesi, alizima umeme wa nyumba nzima, akafunga kabati la mita kwa kufuli, akaenda zake kwa ndugu zake. Kabla ya kuondoka alimwambia Chebet, "Kama wanawapenda nyoka hivyo, wawapashe joto wenyewe." Chebet alibaki peke yake. Siku ya tatu akaja kwetu Rhonda, mtoto mgongoni.

"Neke, Malkia ameanza tena ile kukohoa. Na kidonda kinanuka. Wewe ndiye unajua lile sanduku."

Nilikuwa nawapa vifaranga maji. "Si kibao kinasema ni la Mwalimu? Mwambie Mwalimu."

"Mwalimu ameenda."

"Basi ameenda na sanduku lake."

Alirudi baada ya siku mbili. Safari hii alisema amemhamishia Malkia chumbani kwake, mtaa wa Kaptembwo, wamembeba na jirani kwenye gunia, na huko kuna umeme. Aliomba tu nimweleze afanye nini. "Hata usije. Niambie tu." Nilikuwa na thamostati nyingine rafuni, angeweza kuiona kutoka pale aliposimama. Maneno yenyewe yangechukua dakika tano. Nilimwambia, "Siku ile umesimama mlangoni, wewe uliniambia nini?" Alimbembeleza mtoto, akaondoka. Nilijisikia vizuri. Nataka lijulikane hilo: nilijisikia vizuri mpaka Jumapili.

Jumapili mchana nilichukua thamostati, mkebe na balbu, nikaenda. Chebet alinifungulia mlango. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda, jiko, beseni la nguo za mtoto. Malkia alikuwa kitandani. Chebet alikuwa amemfunika blanketi mbili, na juu yake shuka la kanga, amelikunja vizuri kandokando kama unavyomfunika mgonjwa. Yeye na mtoto walikuwa wakilala chini kwenye mkeka. Niliingiza mkono chini ya blanketi. Alikuwa baridi kama sakafu, na mdomo wake umebaki wazi.

"Nilimfunika usiku na mchana," Chebet alisema. "Nikiona blanketi imeteleza namfunika tena. Kwa nini hakupata joto? Nilikosea wapi, Neke?"

Nyoka hana joto lake mwenyewe. Blanketi humhifadhia mtu joto ambalo mwili wake umelitengeneza, lakini ukimfunika nyoka wa baridi, unahifadhi baridi. Alihitaji chupa ya maji moto, tofali lililopashwa jikoni na kufungwa kwa kitambaa, kitu chochote chenye joto la kutoka nje. Hiyo ndiyo sentensi moja aliyokuja kuniomba, na nikamnyima.

"Hukukosea popote," nilimwambia.

Tulimzika nyuma ya nyumba za Kaptembwo, na baada ya hapo tukaanza kupishana njiani, kisha hatukuonana tena. Chebet alikwenda kusomea uuguzi. Mimi nilibaki na bruda, na leo wafugaji wa Nakuru nzima wanakuja kwangu kutengenezewa joto. Mwalimu alihukumiwa, akanyang'anywa kibali, akalima mahindi Bahati mpaka uzee wake, akisimulia, kama Chebet anavyoniambia, kwamba alifitiniwa na msichana wa kufagia. Hiyo ndiyo sentensi pekee ya kweli aliyowahi kusema kunihusu.

Jumanne iliyopita, chai ilipokwisha, nilimwambia Chebet. Sikujua kama ningeweza mpaka nilipokuwa nimeanza. Nilimwambia kuhusu blanketi, na kwamba nilijua pale pale nilipoliona, na kwamba nilikuwa nimejua hata aliposimama kwetu na mtoto mgongoni akiomba maneno tu. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la sweta, muda mrefu.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mimi nilienda uuguzi kwa sababu ya huyo nyoka," alisema. "Nilijiambia, kama ningekuwa nimesoma, hangekufa mikononi mwangu. Miaka yote hii, Neke, nimeishi nikijua ni mimi nilimuua."

Nilitaka kumwambia ni Kamande. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limekaa hapo robo karne, na kwa mara ya kwanza halikutosha. Chebet alichukua mkoba wake. Mlangoni hakuniuliza kama nitakwenda Bahati Ijumaa, na mimi sikumuuliza kama atarudi.